Herufi Kubwa za Mama Keza

Nani aliamua ukubwa wa herufi unazozisoma?

Usijibu haraka. Keti mbele ya kompyuta yoyote ya kwetu, tazama ule mstari wa juu wenye maneno ya Kifaransa Fichier, Édition, Affichage, kisha uniambie ni nani aliyeyapima maneno yale akasema kwamba ukubwa huo unawatosha binadamu wote. Mimi nilisomea kazi hiyo. Nilirudi Uvira kutoka chuoni Bujumbura na diploma ya informatiki na kichwa chenye moto, nikiamini kwamba mashine zitatutoa tulipo. Hakuna profesa aliyekuwa ameniambia kwamba mtu anaweza kunyimwa kazi, na mwingine kunyimwa haki, kwa sababu ya menyu iliyoandikwa kwa herufi ndogo kama mbegu za lenga-lenga, mchicha wetu. Hilo nililiona mtaani Kimanga, hapo hapo Uvira, wakati wa vita ya pili, kwa mwanamke ambaye nataka umjue.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Candide, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Keza, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alizaliwa Kiliba kwenye mashamba ya miwa, katika familia ya Warundi wa bonde la Ruzizi waliolima pale tangu babu wa babu zao. Baba yake alikata miwa. Yeye alipelekwa kwa masista kujifunza taipureta, na masista wale waliwafunika wasichana mikono kwa kitambaa ili vidole vijifunze herufi bila msaada wa macho. "Mwenye kuchungulia alipigwa rula," alikuwa akisimulia huku akicheka. "Minye nilichungulia mara moja tu. Ile rula niko naisikia mpaka leo." Vita ya kwanza ilimtoa Kiliba akiwa na begi moja. Vita ya pili ilimkuta katika sekretariati ya Papa Léopold: chumba kimoja, kompyuta moja, printa moja, na mashine ya fotokopi iliyofanya kazi siku ikipenda.

Alikuwa na utaratibu wake. Mteja aliketi kwenye kigoda kando yake, mdomo karibu na sikio lake. Mama Keza aliweka mikono mapajani na kusema, "Sema yote kwanza." Hakugusa herufi hata moja mpaka mtu amalize. Ndipo aliposema, "Sasa turudi ku mwanzo," na vidole vikaanza kukimbia. Mwishoni alichapa karatasi, akaisoma kwa sauti ya chini katika lugha ya mteja mwenyewe, Kirundi au Kifuliiru au Kiswahili chetu, na mteja akasahihisha. Wanawake walishuka kutoka milima ya Mulenge, walitoka bondeni, wakawapita waandishi wengine wote wa mjini mpaka kwake. Na mambo waliyokuja nayo miaka ile hayakuwa maombi ya kazi.

Habari hizo zilifika masikioni mwa watu wenye bunduki. Siku moja komanda wa kituo cha askari kilichokuwa mwisho wa barabara yetu aliingia, akashika meza kwa mikono yake, akaigeuza mpaka kioo cha kompyuta kikatazama mlango. Akang'oa pazia. "Ibaki hivi," alisema. "Kama munaandika kitu kizuri, munaficha nini?" Tangu hapo askari yeyote mpita njia aliweza kusimama mlangoni na kusoma.

Kilichomlinda Mama Keza ni macho yake mabovu. Mtoto wa jicho alikuwa amelifunika jicho la kulia na ameanza la kushoto. Daktari wa kumpasua alikuwa Bukavu, na barabara ya Bukavu ilikuwa imefungwa na vita. Waliojaribu kupanda milima ya Ngomo kwenda huko walirudi bila mizigo yao, na wengine hawakurudi. Basi aliandika pua ikigusa kioo, akakuza herufi za maandishi kadiri alivyoweza, na kichwa chake chenye kitambaa kikubwa kikafunika kila neno. Askari walichungulia, wakaona kisogo cha mama mzima, wakaenda zao.

Kisha diski ya kompyuta ikafa, na Papa Léopold akaweka programu nyingine ya kuandikia. Katika ile ya zamani mkono wa Mama Keza ulijua njia kama mtu anavyojua nyumba yake gizani. Katika hii mpya amri zilikuwa zimehamishwa, na menyu zilikuwa za kijivu, ndogo, zisizokua hata ukikuza maandishi. Alibahatisha. Kwa majuma kadhaa akabahatisha vizuri.

Hapo ndipo akaja Anne.

Anne alikuwa mkulima wa bondeni. Askari walikuwa wamemchukua mume wake, Hatungimana, shambani mbele ya macho yake, na mwili ukapatikana mtoni. Anne alimfahamu aliyewaongoza, kwa sura na kwa jina: mmoja wa watu wa yule komanda wa kituo chetu. Chama cha akina mama kilikuwa kinakusanya shuhuda za namna hiyo ili mjumbe wao azivushe kwa boti ya mizigo kutoka Kalundu, bandari yetu, hadi Kigoma, na kutoka huko zifikishwe kwa majaji mbali na mji wetu. Boti ilikuwa imebakiza siku chache kuondoka.

Nilikuwepo, nimekuja kutengeneza printa. Anne alisema yote, kisha wakarudi mwanzo, na asubuhi nzima ikaishia hapo. Mama Keza alipotaka kuhifadhi, mshale ukaangukia amri ya kufunga. Kikatokea kisanduku chenye vitufe ambavyo hakuweza kuvisoma. Akabonyeza kimoja. Kioo kikawa cheupe.

Anne hakupiga kelele. Aliuliza tu kwa Kirundi, "Imekwenda wapi?"

Sikupata cha kurudisha ndani ya mashine ile. Anne alipoondoka, Mama Keza aliendelea kuketi mikono mapajani. "Chadrack," aliniambia, "ule mama nimemuzikisha bwana yake mara ya pili. Na nitamuambia arudie. Namna gani nitamuambia arudie?"

Papa Léopold alikuwa mtu mwema mwenye hofu nyingi. "Mama Keza, minye niko nakuheshimu," alisema. "Lakini kama mashini inakula tena kazi ya muntu, nitaweka Cyprien pale."

Cyprien alikuwa mpwa wake. Aliandika kwa vidole viwili, hakujua Kirundi, na alichosikia mchana kilikuwa barazani jioni.

"Cyprien!" Mama Keza alisema. "Basi tupeleke habari za bantu ku radio moja kwa moja. Tutapunguza safari."

Anne alikubali kurudi siku moja kabla ya boti. Asubuhi ya siku hiyo nilifika mapema na hasira yangu. Hasira kwa komanda, hasira kwa barabara, lakini zaidi hasira kwa watu waliotengeneza ile menyu wakijifikiria wao tu na macho yao ya ujana. Nilipekua mapendeleo yote ya programu. Unaweza kubadili herufi za maandishi, za vichwa, za pembeni; kuhusu menyu, kimya. Mwishowe nikagundua faili la mipangilio, na ndani yake mstari mmoja mfupi wenye jina la herufi za menyu na ukubwa wake. Nikabadili, nikaanzisha upya. Hakuna kitu. Nikabadili tena. Hakuna.

"Ingénieur," Mama Keza aliniita kwa utani wake, "mashini inakukatalia?"

"Inafuta kila ninachoandika, Mama."

"Basi sasa munajuana."

Nilicheka licha ya hasira, na kucheka kukanipa akili. Programu yenyewe, kila inapofungwa, ilikuwa inaandika upya faili lile kama inavyolijua. Ilipaswa kufungwa kwanza, ndipo faili liguswe kwa programu nyingine. Nikafanya hivyo. Mara ya kwanza nilikuza mno. Menyu ya mwisho ikatoka nje ya kioo. Nikapunguza kidogo, nikafanya herufi ziwe nene, nyeusi tii. Na mabadiliko yale yakashika hata vile visanduku vya maswali.

Mama Keza aliketi. Kwa mazoea alisogeza pua kwenye kioo, kisha polepole akarudi nyuma, nyuma zaidi, mpaka mgongo ukagusa kiti. Sikuwahi kumwona ameegemea kile kiti.

"Fichier," alisoma. "Enregistrer. Eh! Ile ya kuhifadhi iko hapa! Minye nilikuwa naitafuta kule chini sawa sindano." Akafungua menyu zote, moja baada ya nyingine, akisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Papa Léopold alikuja kutazama, akasema hizo ni herufi za kibao cha baa.

Kisha Mama Keza akageukia mlango. "Chadrack, kwenda ku mulango. Soma."

Nilisimama mlangoni. Nilisoma Enregistrer, nilisoma Fermer, ile ya kufunga, na chini yake nikasoma majina ya nyaraka zilizofunguliwa karibuni, ambazo yeye daima aliziita kwa majina ya wenyewe. Nilisoma pia maandishi, maana sasa hapakuwa na kisogo cha kuyafunika.

"Basi," alisema. "Rudisha."

"Hapana! Ni haki yako kuona, Mama. Utaandika mpaka lini kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo?"

"Haki yangu iko mu jicho yangu. Shingo ya Anne iko mu mulango. Rudisha."

Tulibishana mpaka Papa Léopold akafunga mlango, kisha akaogopa mlango uliofungwa, akaufungua tena. Nilizima ile sehemu ya nyaraka za karibuni. Nilimweleza kwamba maandishi yasiyohifadhiwa hayaachi jina popote. Lakini maandishi yenyewe yangebaki kioo kizima, na bila kuyakuza asingeyaona.

Nilitazama mikono yake. "Mama, kwani wewe unaangalia unachoandika?"

"Naangalia sababu iko mbele yangu."

"Kule kwa masista ulikuwa unaangalia?"

Nilipunguza herufi za maandishi mpaka zikawa vumbi, chembe za kijivu kwenye karatasi nyeupe, na juu yake menyu zikasimama kubwa kama nyumba. Angeandika bila kuona neno lake hata moja, na angeona amri zote. Wakati wa kuchapa tu ndipo tungekuza, na karatasi angeisogeza puani kama zamani.

"Na kama kidole kinateleza?"

"Utasikia."

"Kwa taipureta nilikuwa nasikia," alisema. "Hii kitu haina sauti." Aliogopa. Lakini aliweka vidole mahali pake, akaandika mistari michache, nikaikuza. Ilikosa mkato mmoja.

Mchana Anne alikuja. Alisema yote kwanza. Sitakuandikia alichosema, ni chake. Nitakwambia tu kwamba safari hii alikisema kama mtu anayebeba maji kichwani kwenye utelezi, na kwamba Mama Keza alimsubiri hata pale palipokuwa na ukimya tu. Kisha wakarudi mwanzo. Vumbi likajaza kioo, mstari baada ya mstari.

Walikuwa karibu kumaliza kivuli kilipoingia mlangoni. Komanda mwenyewe, na kijana wake nyuma.

"Mama Kipofu!" aliita. "Leo uko nakaa mbali na mashini. Umepona?"

"Ni huyu mwana wa chuo, chef. Amenipatia miwani, halafu akaivalisha mashini."

Komanda alicheka. Akasoma kwa sauti: "Fichier. Édition. Vizuri. Sasa hii mavi ya nzi huku chini ni nini?"

"Ni maandishi, chef."

"Ya nini?"

"Ya huyu mama."

Komanda alimtazama Anne. Anne alitazama sakafu.

"Ongeza," komanda alisema. "Fanya ikuwe kubwa sawa ile ya juu. Niko nataka kusoma."

"Ndiyo, chef."

Mshale ulipanda. Sote tuliuona. Ulipita Affichage, mahali pa kukuzia, haukusimama. Ulifika Fichier, menyu ikafunguka, ukashuka mpaka Fermer. Kisanduku kikatokea kikiuliza kama kazi ihifadhiwe, na majibu yake, ndiyo, hapana, ghairi, yangesomeka hata barabarani: Oui. Non. Annuler.

Alibonyeza Non.

"Iko wapi?" komanda aliuliza.

"Eh, chef! Imefunga. Hii mashini inakulaka kazi ya bantu. Uliza Papa Léopold."

"Ni kweli, chef," Papa Léopold alisema kutoka nyuma ya fotokopi, jasho likimtoka. "Hata siku ile ilikula. Ni huyu mama, haone. Minye nilisemaka nitamufukuza."

Aliyasema ili kumwokoa, na aliyasema kwa kumaanisha. Mambo yote mawili yalikuwa usoni mwake.

"Mufukuze," komanda alisema. "Kesho nitakuya kuangalia nani iko mu hiki kiti." Akampiga Mama Keza mgongoni kwa kiganja, kama anavyopigwa mnyama aliyekubali kuondoka njiani, akatoka.

Anne hakujua kusoma, lakini kioo cheupe alikijua. Aliinuka, akafunga kitenge chake, akaondoka bila kuaga.

"Siku ile nilikosea," Mama Keza aliniambia. "Leo niliona. Niliona muzuri kabisa."

Nilisema nitamfuata komanda. Nilisema mengi, kwa sauti, kuhusu sheria na dunia inayotutazama ikinyamaza.

"Keti, Chadrack. Uko nataka nikuandikie ushuhuda na weye?" Kisha akamgeukia Papa Léopold. "Ufunguo nitamupatia Cyprien kesho. Niachie tu ile saa mbele hajaamka."

"Cyprien anaamkaka wakati jua iko juu kabisa," Papa Léopold alisema, bila kumtazama.

Asubuhi iliyofuata nilifika umande ukiwa bado kwenye mabati. Anne alikuwa ameketi kizingitini na mfuko wa unga wa muhogo, kama mtu wa kwenda kuuza Kalundu. Sijui kilichomrudisha. Mama Keza alifungua, akawasha kompyuta, akaketi, akaweka mikono mapajani.

"Sema yote kwanza."

Anne alitikisa kichwa. "Sina tena," alisema. "Imeisha ndani yangu."

Kutoka bandarini ilisikika honi ya boti, ile ya kuita mizigo. Mimi nilisimama mlangoni, mgongo kwao, nikaujaza mlango kwa mabega yangu kadiri Mungu alivyonipa. Kisha nikasikia vidole, na sauti ya Mama Keza, chini sana, kwa Kirundi: "Mimi Anne, mke wa Hatungimana, siku ile tulikuwa tunang'oa mihogo."

Alikuwa anasimulia yeye. Alikuwa ameyasikia yote, tangu siku ya kwanza, na sasa aliyatoa mbele ya mwenyewe na kuyaandika papo hapo, bila kuona herufi moja. Aliendelea hivyo kwa muda mrefu. Ndipo Anne akasema:

"Hapana. Shati yake haikuwa nyeupe. Ilikuwa ya bluu, ile ya misa."

Vidole vikasimama, vikarudi, vikaandika. Akasahihisha tena, jina la mfereji. Walipofika kwa yule aliyewaongoza askari, Mama Keza alinyamaza akangoja, na jina hilo Anne alilitamka mwenyewe, mpaka nikalisikia mlangoni.

Niligeuka mara moja tu. Niliona mshale ukikuza vumbi likawa maneno, ukafungua Fichier, ukashuka Imprimer. Printa ikakohoa. Mama Keza akaisogeza karatasi puani, akaisoma yote kwa mnong'ono, na Anne akaitikia kwa kichwa. Kisha Fermer. Kisha Non.

Anne aliikunja karatasi, akaizika ndani ya unga, akajitwika mfuko, akapita chini ya mkono wangu akielekea Kalundu. Mama Keza alifuta kiti kwa pindo la kitambaa chake. Alipokuwa anavuka barabara akipapasa ukingo wa mfereji kwa mguu, Cyprien alikuwa anakuja na macho ya usingizi, na Mama Keza akampa ufunguo mkononi.

Komanda alipofika, alimkuta Cyprien kwenye kiti, amekunja uso, akihangaika kuzipunguza zile herufi.